Baba, Sungura Hakuuawa na Jenereta

Mtwara,
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana ni ndefu na goti lako nalijua. Linaendeleaje? Dada Adela ananiambia umeacha ile dawa ya kuchua kwa sababu inanuka. Baba, dawa ile ni ya kuchua, si ya kunusa. Mama hajambo? Kikohozi kimepungua? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado mnamtazama kila asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina hakika nacho, na ukifika katikati ya barua utaelewa kwa nini.

Utauliza mbona naandika wakati simu ipo. Simu unaikata, Baba. Kila nikifika kwenye jina la Mzee Laurenti nasikia, "Haloo? Haloo? Ah, mtandao huu," halafu kimya. Mtandao wa Nyamiaga hauna shida yoyote. Mama akishika simu hiyohiyo, amekaa kwenye kiti hichohicho, namsikia yeye na hata jogoo wa jirani. Basi nimeona niandike, barua haina kitufe chekundu. Nimemwambia Adela akukabidhi pamoja na miwani yako, na akae mlangoni mpaka umalize.

Neno lenyewe nalisema mapema nisikuzungushe. Nataka kumwoa Yustina, binti wa Mzee Laurenti wa Nyakahura. Hilo ulishalisikia. Mjomba Vedasto, mshenga wetu, amekwenda kule na kurudi, amekwenda tena na kurudi tena, na kila akifika anaulizwa swali moja tu: "Baba wa kijana yuko wapi?" Hawamtukani. Ndio utaratibu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Posa kwetu haipokelewi mpaka baba wa pande mbili wamekaa kwenye mtungi mmoja wa pombe ya rubisi, aliyeuleta akaonja kwanza, kisha mrija ukapita kwa mwenyeji. Watu wasiokunywa mtungi mmoja wana kisa kati yao, na wenye kisa hawapeani watoto. Na wewe umeapa kwamba mdomo wako hautagusa mrija uliogusa mdomo wa Laurenti. Mjomba amechoka. Anasema safari ijayo labda abebe picha yako.

Sasa kuna mwalimu mmoja wa Biharamulo mjini. Baba yake alishafika Nyakahura na mtungi wake, akaonja, akacheka na watu, akasindikizwa mpaka barabarani. Yustina akanipigia simu. Unajua yeye si mtu wa maneno mengi, anashona nguo zake pale sokoni na redio yake, basi. Akaniambia, "Erasto, mimi ninakupenda wewe. Lakini sitazeekea kwa baba yangu kwa sababu ya sungura. Maharage yakishavunwa, baba anawapa wale watu jibu." Ningebisha nini? Ni kweli, Baba. Ni kwa sababu ya sungura.

Najua hapo umeshakunja uso, unasema si sungura, ni heshima. Haya, ngoja nikisimulie kisa kama ulivyotusimulia tangu sijajua kuvaa suruali, uone kama kuna mahali nimekosea.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wewe ulikuwa mpishi kwa wale wazungu wa misaada pale Ngara, na Mzee Laurenti, aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto, alikuwa mtu wa jenereta. Mlikuwa mnapanga chumba kimoja, mnakula sahani moja. Kwenye kantini wazungu walileta mashine ya mchezo, kubwa kama kabati la vyombo, skrini juu, kijiti cha kushika chini na vitufe viwili. Unatumbukiza kisarafu cha shaba, sungura anatokea. Anavuna karanga kwenye matuta, mbwa watatu wanamkimbiza. Akimaliza shamba moja anaingia jingine, na mbwa wanaongeza mbio. Wazungu walikuwa wanakufa mapema tu na kupiga mashine mateke. Wewe ukawa unawatazama huku unamenya viazi, ukashika njia za mbwa wote watatu, yupi hukata kona na yupi huzubaa.

Jumapili moja msafara wa wakimbizi ukaingia, wazungu wote wakakimbilia kambini, kantini ikabaki tupu. Ukaanza kucheza baada ya chai ya asubuhi. Jua likapita utosini, wewe bado. Walinzi wa getini wakaja kutazama, dobi akaacha nguo akaja. Alasiri umeshavuka mashamba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona, ghafla skrini ikachafuka. Upande wa kushoto shamba lipo kama kawaida. Upande wa kulia takataka tupu, herufi, namba, vipande vya rangi, "kama mtu amemwaga dengu". Hayo ni maneno yako mwenyewe, Baba, yaweke kando nitayarudia. Sungura akakwama. Hujajua ufanye nini, umeme ukazimika wote. Ukageuka, Laurenti huyo mlangoni, mikono imejaa mafuta. Ukasema mbele ya watu wote kwamba amechezea jenereta makusudi kwa wivu, ili usifike mwisho. Mashine ilipowashwa tena, alama zako zote zilikuwa zimefutika, na kesho yake ukayarudia maneno yale kwa msimamizi.

Msimamizi akamfukuza kazi. Akaenda kulima Nyakahura. Sehemu hiyo, Baba, huwa unaipitia haraka haraka, kisha unaomba maji ya kunywa.

Krismasi nilipokuja likizo nilidhani nimekuletea dawa. Unaikumbuka ile kompyuta ndogo. Nilikueleza kwamba vijana wa kazi yangu ya kutengeneza kompyuta wana programu inaitwa emuleta, inaifanya kompyuta ijifanye ni mashine ya zamani, na kwamba mchezo wako wenyewe, ule ule wa sungura, umehifadhiwa na watu kama faili, nimeupata. Nikakununulia na kijiti cha kushika, maana nilijua vitufe vya kompyuta utavitukana. Nikawasha, sungura akatokea, ule wimbo wake ukalia. Ukasimama. Ukaniuliza jambo la kwanza kabisa, "Sarafu inaingia wapi?"

Nikakwambia, Baba, hapa hakuna sarafu, unabonyeza namba tano, mashine inahesabu kama umeingiza. Ukanitazama kama mtu aliyefundishwa wizi na mtoto wake. "Mashine haimpi mtu mchezo wa bure, Erasto." Nikaenda kuoga. Kurudi, nakuta umeshasukuma kisarafu cha shaba kwenye mlango wa sidii, na kompyuta inakoroma. Nilikaa chini na kibano cha Adela mpaka chai ikapoa. Kilipotoka nikakuuliza umekitoa wapi kisarafu cha miaka yote hiyo. Ukakifuta kwa shati, ukakirudisha kwenye kopo lako la tumbaku, ukafunga kifuniko. Sikuuliza tena, lakini sikusahau.

Halafu ukasema sungura huyu si yule, huyu anakimbia kama amekunywa gongo. Hapo ulikuwa na haki, mwendo nilikuwa sijaupanga sawasawa. Nikaurekebisha, ukasema, "Eeh. Huyu sasa ni yeye." Ukacheza siku nzima. Majirani wakajaa sebuleni, Mama akawa anapita na uji akikuruka miguu, anasema hajakuona unacheka hivyo tangu Adela aolewe. Nilifurahi, Baba, sitaficha. Nikajisemea, sasa amemaliza, roho imetulia, kesho nitamtajia Nyakahura.

Kesho yake macho yakakuuma, vidole vikagoma, mbwa wakakumaliza hata nusu hujafika. Ukafunga kompyuta kwa kishindo ukasema, "Laurenti angeniacha siku ile, leo ningeujua mwisho wake." Ukatoka kwenda kutazama migomba. Nikabaki na mbwa watatu kwenye skrini. Nimeleta dawa, nimetonesha kidonda! Nilirudi Mtwara na kompyuta ile, nikiwa na hasira na wewe, na Laurenti, na aliyetengeneza sungura.

Huku nako hakunipokea vizuri. Joto la hapa halina adabu, linakuamsha kabla ya mwadhini. Ndizi wanakula kama tunda tu, ukiwaambia kuna watu wanapika ndizi na maharage na huo ndio mlo, wanakuonea huruma. Hewa ina chumvi, inakula kompyuta kama mchwa. Mteja analeta mashine, ndani kutu imezagaa, anakuapia kwa jina la Mungu kwamba jana ilikuwa inafanya kazi na hajaimwagia kitu, huku majani ya chai yanadondoka mezani. Umeme ukikatika bosi ananitazama mimi, utadhani nimeukata mimi.

Katika hali hiyo ndipo nikaapa kwamba huyo sungura nitamfikisha mwisho mimi mwenyewe, ili niweze kukwambia, haya Baba, mwisho ni huu, sasa twende Nyakahura. Kucheza kama wewe siwezi. Lakini emuleta ina kitu ambacho mashine yenu haikuwa nacho: unamsimamisha sungura popote alipo, unamhifadhi hapo. Akiuawa, unarudi palepale kama hakuna kilichotokea. Najua utasema huo ni wizi. Ni wizi kweli. Mimi nilikuwa natafuta mke, Baba, sikuwa natafuta sifa.

Nikawa nacheza kila Jumapili baada ya misa, na siku za kazi wakati wa chakula. Vidole vikafanya sugu. Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, siku moja alisimama dirishani na ungo wake, akanisikiliza ninavyowatukana mbwa, akasema, "Mwanangu, mtu mzima na ndevu zako unagombana na sungura? Huko kwenu hamna wake?" Nikamwambia hilo ndilo ninalotafuta. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Mwishowe nikafika. Mashamba mia mbili na zaidi, karanga ambazo hata mnunuzi wa Kahama asingezimaliza. Nikaingia shamba jipya, na skrini ikachafuka.

Nilitukana, Baba, nisamehe, na leo nimetoka misa. Nikasema chumvi imeshaingia kwenye bodi. Nikarudi nyuma nilipohifadhi, nikacheza tena, ikachafuka palepale. Nikasema faili ni bovu, nikatafuta jingine, nikaanza kupanda upya kama mjinga, nikafika palepale, ikachafuka. Nikapeleka kwenye kompyuta ya dukani. Palepale. Nikaomba ya bosi, mpya, bado ina nailoni kwenye kioo. Palepale! Nikapiga meza ngumi, bosi akanikumbusha meza ni ya nani. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, nilikuwa natumia betri. Nikakaa naitazama tu ile skrini, upande wa kushoto shamba, upande wa kulia herufi na namba na vipande vya rangi.

Kama mtu amemwaga dengu.

Baba, nywele zilinisimama. Nilikuwa sijawahi kuiona skrini ile maishani mwangu, lakini niliijua. Niliijua tangu mtoto, kwa mdomo wako.

Nikatafuta kwenye mtandao. Kuna watu huko nje kazi yao ni kuzipenda mashine hizi za zamani, na wote wanalijua shamba hilo. Nikueleze kwa lugha ya jikoni kwako. Waliotengeneza ule mchezo waliipa mashine kibaba kidogo cha kuhesabia mashamba. Kibaba kikijaa, ukizidi kumimina, dengu zinamwagika mezani, na zile takataka ndizo zilizomwagika. Hawakuweka mwisho wowote kwa sababu hawakufikiri kuna binadamu atafika huko. Kila mashine ya sungura duniani inachafuka shamba hilohilo, upande huohuo. Emuleta inaiga mashine mpaka ugonjwa wake. Na mimi nilikuwa kwenye betri, Baba. Hapakuwa na jenereta. Hapakuwa na Laurenti.

Nikampigia Yustina nikamwomba ampe baba yake simu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba Elasto, mwanangu," maana jina langu hulitamka hivyo na nimeshalizoea. Nikamwambia sijapiga kwa habari ya posa, nataka kumuuliza habari za siku ile ya kantini. Nikadhani na yeye atakata simu kama wewe. Kisha akasema, "Mambo yale unayatakia nini? Baba yako alisema kweli. Mashine niliiua mimi."

Nikamuuliza, uliiua vipi Mzee?

"Mafuta," akasema. "Pipa lilikuwa linaishia, chini lina maji. Nikayachuja na kitambaa, nikamwaga hivyohivyo kwenye jenereta, maana baba yako alikuwa anacheza na sikutaka umeme ukatike. Nikamsikia anapiga kelele. Nakuja mlangoni, naona ile skrini. Nikasema, Yesu wangu, maji yameingia kwenye umeme, naichoma mashine ya wazungu. Nikakimbia nikazima. Msimamizi aliponiita nilikosa la kumwambia. Nilijua ni mimi. Wivu tu ndio sikuwa nao."

Nikamweleza niliyoyaona, taratibu, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo si mafuta?" Nikamwambia si mafuta, Mzee. Akauliza tena, "Si mimi?" Nikamwambia si wewe. Baba, mtu mzima mwenye wajukuu aliniuliza vile tena na tena, na mimi nikamjibu vilevile tena na tena.

Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hujawahi kutusimulia. Akasema, "Ningekuwa na wivu ningempa visarafu vyangu? Wazungu walitugawia wafanyakazi viwili viwili. Vyake vilikuwa vimekwisha. Vyangu nilimpa yeye asubuhi ile, maana mimi vidole vyangu vizito. Nilitaka tu nione huyo sungura anaishia wapi."

Viwili, Baba. Kimoja ulianzia mchezo. Na kwa jinsi ulivyocheza siku ile, cha pili hukukihitaji.

Sasa naomba uniache niseme kama mtoto aliyekasirika, kisha nitarudi kwenye adabu yangu. Mtu unayemchukia unatunzaje kisarafu chake kwenye kopo lako la tumbaku miaka yote hii? Unakifuta kwa shati! Ulikuwa unangoja nini? Mimi nimelea donda la sungura tangu nikiwa mtoto. Shuleni nilikatazwa kukaa na watoto waliotoka ng'ambo ya mto kama kina Laurenti, sikujua kwa nini. Nimefunga safari za kubembeleza, nimeharibu vidole, nimetukanwa na bosi, Mama Zuhura anadhani nina mapepo, na mwalimu wa Biharamulo anapimisha suti. Na wewe unaniambia mtandao unasumbua. Nimechoka, Baba. Nimechoka kweli.

Nimemaliza. Narudi kwenye adabu.

Wewe hukunyang'anywa kitu siku ile. Ulifika. Hakuna shamba baada ya lile, si Ngara, si kwa wazungu, si popote. Ukiwa unatazama zile takataka ulikuwa umeshaishinda mashine, na hapakuwa na mtu wa kukwambia. Hilo nakupa mimi mwanao, na najivunia mpaka nashindwa kuandika vizuri. Lakini Mzee Laurenti alinyang'anywa. Alinyang'anywa kazi kwa neno lako, akasemwa kwamba mtu aliyetoka ng'ambo ya mto ndivyo alivyo, akabeba mzigo wa mashine ambayo hakuiua, akakaa kimya. Hili siwezi kulirekebisha na kompyuta.

Kwa hiyo sikutumi ukaniposee tu. Nakuomba uende kwanza kwa ajili yake. Ukimaliza maneno yenu, kama bado kuna rubisi kwenye mtungi, nitajie na mimi.

Kifurushi alichokupa Adela kina kompyuta ile na kijiti chako. Betri nimeijaza, na Adela ataijaza tena mkikaribia kuondoka. Nimemwacha sungura kwenye shamba la kabla ya lile la mwisho. Karanga chache tu zimebaki, na mbwa wote watatu nimewavuta kona ya chini, hata kwa macho yako utamaliza. Tafadhali usimguse hapo nyumbani. Nakujua. Ukiwa peke yako utasema ngoja nijaribu kidogo. Usijaribu. Wewe ulishaona. Mama ameniambia ndizi zimeshaiva shimoni, rubisi itakuwa tayari wiki hii, na Mjomba Vedasto amesema gari la Nyakahura mtalipanda naye asubuhi pale Ngara mjini, mshuke sokoni. Yustina atawaona kutoka kwenye cherehani yake. Maharage ya Nyakahura yameshaanza kukauka, Baba.

Nisalimie Mama, mwambie vitenge viwili vya huku vimo humo ndani, chini ya waya, asimkopeshe Adela. Nisalimie Adela, msuluhishi wa kutoelewana kwetu kote, na shemeji, na watoto wao, hasa yule mdogo anayesema atakuwa rubani. Nisalimie Mjomba Vedasto, mwambie viatu alivyomalizia njia ya Nyakahura nitamnunulia vingine. Nisalimie Katekista, na jirani mwenye jogoo. Ng'ombe mwekundu akizaa jike, nitamwomba.

Ni mimi mwanao mtiifu, hata kama leo haikuonekana,

Erasto

Kisarafu nacho kibebe. Kompyuta haina tundu lake, na namba tano utabonyezewa na Yustina. Kirudishe kwenye mkono wa mwenyewe, halafu mwonyeshe sungura anaishia wapi.